Mbunge na Kura Yake: Nani wa Kumhukumu?

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada ule ule ambao upande wake ulikuwa umetoka kuupigania. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya msimu huo. Mwezi Julai Rais aliwafuta kazi karibu mawaziri wote, na Inspekta Jenerali wa Polisi, Japhet Koome, akajiuzulu. Kwa hiyo serikalini walipatikana wa kubeba lawama, walau kwa wiki chache. Wabunge 195 waliosema ndiyo hawakuguswa.

Je, waguswe? Na nani, kwa njia gani? Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu ambazo husikika kila suala hili linapozuka. Mdai ni mwananchi aliyechoka. Mheshimiwa anatetea kiti chake, na si kila anachosema ni cha kupuuzwa. Wakili anajua sheria imeandikwa nini na haikuandikwa nini. Si watu halisi, ni hoja zilizopewa vinywa. Kila mmoja akishasema ninajibu mimi, nami sifichi upande wangu: uamuzi wa kisiasa ulioumiza watu una hakimu wake halali, naye ni mpiga kura wa eneobunge. Hakimu huyo Katiba imemtambua, lakini Bunge limehakikisha hapati mahali pa kukalia.

MDAI: Mimi nataka washtakiwe. Mwizi wa kuku hulala korokoroni. Aliyepitisha sheria ambayo taifa zima lilimwambia asiipitishe, mpaka damu ikamwagika, huyo anafunguliwa mlango wa gari na kuitwa Mheshimiwa. Afungwe, wengine watajifunza.

Hasira hii ina msingi, lakini dawa yake ni mbaya. Tutenge kwanza mambo mawili ambayo hasira huyachanganya. Mbunge aliyepokea hongo ili apige kura fulani amevunja sheria ya jinai, na hakuna kinga inayomzuia mpelelezi kufika mlangoni kwake. Kama hafikiwi, tatizo ni la wapelelezi na waendesha mashtaka. Hapa tunazungumzia jambo jingine, yaani mbunge ambaye hakuhongwa na hakuiba, ila aliinua mkono kuunga mkono uamuzi uliokuwa mbaya, pengine akijua kuwa ni mbaya. Huyo ukimfanya mhalifu, umempa mshtaki wa serikali mamlaka ya kuamua ni kura ipi ilikuwa jinai. Kenya inajua mamlaka hayo yakishikwa na mwenye nguvu huishia wapi. Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kwenye kiti, akasema jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Wote wawili walikamatwa ndani ya maeneo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kesi, wasiachiliwe hadi 1978, baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta. Kinga ya mbunge kwa anachosema na anachopigia kura, ambayo leo tunaiona kama ngao ya wenye matumbo, iliwekwa kwa ajili ya watu kama Shikuku. Tukiitoboa ili tuwapate wale 195, tutakuwa tumetoboa pia sehemu waliyosimama wale 106.

Yupo atakayesema kwamba nchi zenye mahakama safi zinaweza kulifanya hili bila kuharibu kitu. Iceland ilijaribu. Benki zake kubwa zilianguka mwaka 2008, uchumi ukatikisika, na Septemba 2010 bunge la huko, Althingi, likapiga kura kuhusu mawaziri wanne wa zamani: wapelekwe mbele ya mahakama maalumu ya kuwahukumu viongozi au wasipelekwe? Watatu wakaokolewa na kura za wenzao. Waziri Mkuu wa zamani, Geir Haarde, akapelekwa peke yake kwa kura 33 dhidi ya 30. Hukumu ilipotoka Aprili 2012 alikutwa na hatia kwa shtaka moja tu, la kutoitisha vikao vya Baraza la Mawaziri kujadili mambo mazito, na hakupewa adhabu yoyote. Hiyo ni nchi tulivu, ndogo, yenye majaji wasiotiliwa shaka, na bado mchujo wa nani ashtakiwe ulifanywa na wanasiasa, na mwisho wake ukawa karatasi isiyo na uzito. Mdai anayetaka kuona wakubwa pingu mkononi afikirie nani atakayeshika funguo za pingu hizo baada ya uchaguzi ujao.

MHESHIMIWA: Nashukuru. Basi tumemaliza. Tuna uchaguzi kila baada ya miaka mitano. Mwananchi hakupenda kura yangu, aningoje debeni.

Hapana, hatujamaliza. Hoja hii ndiyo kongwe na ndiyo iliyozoeleka, kwa hiyo inastahili kuchambuliwa polepole. Haina uongo ndani yake. Wakenya si wapole kwa wabunge wao. Kila uchaguzi mkuu wanang'oa wengi, na mwaka 2007 hata mawaziri wengi walirudishwa nyumbani. Kama kung'olewa peke yake kungetosha kuwafundisha wanaobaki, Bunge la Kenya lingekuwa miongoni mwa mabunge yenye adabu zaidi Afrika. Haliko hivyo, na sababu yake ni kwamba adhabu ya uchaguzi mkuu haina jina la kosa. Mbunge akianguka Agosti, nani anajua ameangushwa na nini? Labda ni kura ya mswada, labda ni basari iliyochelewa, labda ni wimbi la chama au ukoo uliohesabiwa vibaya katika wadi mbili. Anayeingia baada yake anasoma matokeo yale yale kwa namna inayompendeza, na kwa kawaida funzo analoondoka nalo ni kwamba mtangulizi wake hakuhudhuria matanga ya kutosha.

Na hapa lazima itajwe Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge (NG-CDF). Kupitia fedha zake, mbunge wa Kenya amekuwa mlipa karo, mjenzi wa madarasa na mwekaji wa mawe ya msingi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2024 kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, lakini athari yake katika fikra za mpiga kura imeshazama. Tunamchagua mtunga sheria, tunampima kama mfadhili. Mtoto wa jirani amepata basari ya muhula, basi mbunge anafanya kazi, ingawa mbunge huyo huyo ameidhinisha ushuru utakaomla mzazi mara kadhaa ya basari hiyo kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2023 Bunge lilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Ongezeko hilo liliingia katika nauli ya matatu, katika bei ya unga na katika kila kitu kinachobebwa na lori, lakini halina bango lenye picha ya mbunge kama lilivyo darasa lililopakwa rangi. Uchaguzi wa miaka mitano unapima mabango. Kura iliyopigwa katika mwaka wa pili wa muhula, hata iwe na madhara gani, inafika debeni ikiwa imefunikwa na miaka mitatu ya harambee.

Pia kuna suala la muda wenyewe, ambalo halihitaji maneno mengi. Uamuzi wenye madhara ya haraka hauwezi kuwa na jibu la miaka mitatu baadaye. Mwananchi asipokuwa na njia halali ya kujibu Julai 2024, ataitafuta isiyo halali. Ndivyo nyumba na biashara za baadhi ya wabunge zilivyovamiwa siku zile. Uvamizi huo nauhesabu kuwa uhalifu, lakini pia nauhesabu kuwa taarifa.

MHESHIMIWA: Mimi si tarishi. Nilichaguliwa nifikiri, nisome mswada, nisikilize wataalamu wa Hazina ya Kitaifa, kisha niamue. Mkitaka mtu wa kubeba ujumbe wenu, tumeni simu.

Hili Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol Novemba 1774: kwamba mbunge anadaiwa na wapiga kura wake akili na busara, wala si utii, na anawasaliti akiitupa busara yake ili awafurahishe. Ni hoja nzito, nami naikubali nusu yake. Sitaki mbunge anayehesabu ujumbe wa simu kabla ya kupiga kura. Ila watu humnukuu Burke na kuacha mwisho wa kisa. Alitumia busara yake kweli. Akaunga mkono biashara ya Ireland na kulegezwa kwa sheria zilizowabana Wakatoliki, Bristol ikachukia, na mwaka 1780 alipoona hawezi kushinda akajitoa. Alifikiri kwa uhuru, kisha akalipa gharama. Mheshimiwa wetu anataka nusu ya kwanza ya Burke bila ya pili.

Tena, Burke alikuwa anazungumzia mbunge anayefikiri. Tujiulize, wale waliopiga kura tarehe 25 Juni walifikiri kwa kiasi gani, na walitii kwa kiasi gani? Mei 2020 Profesa Kithure Kindiki aliondolewa kwenye unaibu spika wa Seneti, na Kipchumba Murkomen akaondolewa kwenye uongozi wa walio wengi, kwa sababu chama cha Jubilee wakati huo kiliona hawamtii kiongozi wa chama. Wala Kenya si pekee. Tanzania imelifunga jambo hili ndani ya Katiba: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda naye. (Sakata la wanawake 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na chama cha CHADEMA mwaka 2020 na bado wakaendelea kuketi bungeni lilionyesha kwamba hata kanuni hiyo hutekelezwa pale Spika anapotaka.) Kwa hiyo suala la mbunge kuwa na wa kumwondoa katikati ya muhula limekwisha kuamuliwa zamani. Anaye. Ni kiranja na mwenye chama. Anayenyimwa haki hiyo ni mwananchi peke yake, na Mheshimiwa anapodai uhuru wa kufikiri mbele ya wapiga kura huku akipokea maagizo ya kikao cha chama, uhuru anaoutetea si wake.

Busara inayotetewa ingekuwa na dalili zake. Mbunge aliyepima angetoa sababu. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inalitaka Bunge lishirikishe umma, na mwaka 2024 watu walipeleka maoni mbele ya Kamati ya Fedha kwa wingi. Tarehe 18 Juni, vijana wakiwa tayari wako barabarani, kamati ikatangaza kuondoa VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Ni vyema iliondoa, lakini siku iliyochaguliwa kwa tangazo hilo iliwafundisha watu kwamba barabara husikika kuliko maandishi yaliyowasilishwa mezani. Baadaye, Oktoba 2024, Mahakama ya Juu ilipokuwa ikiamua kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema Katiba haijalilazimisha Bunge waziwazi kueleza kwa maandishi kwa nini limekataa maoni ya wananchi, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Kisheria yawezekana majaji wako sawa. Kisiasa, mtu asiyelazimishwa kueleza sababu hawezi tena kudai kinga kwa jina la sababu zake.

WAKILI: Mnabishana kana kwamba jambo hili ni jipya. Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010 inasema wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Someni sheria.

Tuisome, kwa kuwa kiini cha mgogoro wote kiko hapa. Ibara ya 104 ina vijisehemu viwili. Cha kwanza kinatoa haki. Cha pili kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kueleza sababu na utaratibu wa kumwondoa mbunge. Yaani mshtakiwa akaombwa aandike hati ya mashtaka. Aliiandika mwaka 2011, ndani ya Sheria ya Uchaguzi, na kazi aliyoifanya inastahili kusifiwa kwa ustadi wake. Sababu zilizokubaliwa zilikuwa tatu: kukiuka Sura ya Sita ya Katiba kuhusu uadilifu, kutumia vibaya rasilimali za umma, na kutiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi. Kabla ya kuanza kukusanya saini ulihitaji hukumu ya Mahakama Kuu. Hukuruhusiwa kuanza katika miezi 24 ya kwanza wala katika miezi 12 ya mwisho. Aliyegombea kiti hicho akashindwa hakuruhusiwa kuanzisha ombi. Na ombi lilikuwa moja tu kwa muhula mzima.

Kisha zikaja hesabu. Saini za asilimia 30 ya waliosajiliwa, ndani ya siku 30, zikitawanyika katika zaidi ya nusu ya wadi. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura milioni 22.1 katika maeneobunge 290, wastani wa kama 76,000 kwa kila eneo. Asilimia 30 yake ni karibu 23,000. Waliojitokeza kupiga kura mwaka huo walikuwa karibu asilimia 65, maana yake kama 49,000 kwa eneo la wastani. Na kwa kuwa ubunge hauhitaji kuvuka nusu, mtu anaweza kushinda kwa kura 20,000. Kwa hiyo ili kufungua tu mlango wa kumjadili ulihitaji saini nyingi kuliko kura zilizomwingiza. Ukivuka hapo, uchaguzi wa kumwondoa ulihesabika halali pale tu waliotaka aondoke walipofika nusu ya wote waliosajiliwa, yaani 38,000, wakiwemo waliohama na waliokufa bila kufutwa kwenye daftari. Mwaka 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Katiba Institute, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba vifungu kadhaa vya utaratibu huu vinakiuka Katiba. Bunge likatakiwa kwa maana hiyo kuandika upya. Halikuandika. Sheria inayowahusu wawakilishi wa wadi ilirekebishwa mwaka 2020. Inayowahusu wabunge na maseneta wenyewe ikabaki na mashimo. Ndiyo maana Julai 2025, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilipopata makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon na wananchi wakaanza kuuliza, jibu lilikuwa kwamba mwakilishi wa wadi anaweza kuondolewa, mbunge hawezi, kwa kukosekana sheria ya kufuata. Haki iko ndani ya Katiba. Njia ya kuifikia imezibwa na yule anayetakiwa kuifungua.

Angalia tena zile sababu tatu. Hata kabla ya mahakama kugusa chochote, kura ya mbunge haikuwamo. Ungeweza kwa taabu kubwa kumwondoa mwizi, ambaye tayari ana mahakama yake ya jinai. Kumwondoa mtu kwa jinsi alivyotunga sheria, ambayo ndiyo kazi yake hasa, hakukuwezekana. Majirani nao hawakufanya bora. Katiba ya Uganda ya 1995 iliweka haki ya kumwondoa mbunge kwa ombi la theluthi mbili ya wapiga kura, kisha marekebisho ya 2005 yakasema haki hiyo itakuwapo tu wakati wa mfumo wa siasa wa Movement, mwaka ule ule nchi ilipouacha mfumo huo na kuingia vyama vingi. Nchini Tanzania, Tume ya Jaji Joseph Warioba iliweka haki hiyo katika Rasimu ya Katiba pamoja na ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge. Bunge Maalumu la 2014, lililokaliwa na wabunge wote wa Muungano, lilipotoa Katiba Inayopendekezwa, mambo hayo hayakuwamo. Nchi tatu zilikwenda kwa njia tatu na zikafika mahali pamoja, na katika zote tatu waliokuwa wameshika kalamu ni wabunge.

MHESHIMIWA: Nchi ina deni la zaidi ya shilingi trilioni 10. Lazima mtu apige kura ya kodi siku moja. Mkinipa hofu ya kuondolewa kwa kila kura chungu, hakuna atakayethubutu, na deni litatuzika sote. Na msisahau wapinzani wangu wenye pesa za kukodi wakusanya saini.

Hili ndilo pingamizi pekee katika mjadala huu linaloninyima usingizi, na lina ushahidi. Mwaka 2017 bunge la jimbo la California lilipandisha kodi ya petroli kwa senti 12 kwa galoni ili kutengeneza barabara. Josh Newman, seneta mpya wa jimbo aliyekuwa ameshinda kwa kura chache, alikuwa mmoja wa waliounga mkono. Chama pinzani kikaona kiti chake ndicho chepesi kuliko vyote, kikaanzisha ombi, na Juni 2018 akaondolewa. Kodi ilibaki. Novemba mwaka huo huo wapiga kura wa jimbo zima waliulizwa kama waifute, wakakataa. Kwa maneno mengine, mtu mmoja aliadhibiwa kwa uamuzi ambao wengi wa watu wa jimbo lake, walipoulizwa moja kwa moja, waliuona unavumilika. Mwaka 2020 Newman aligombea tena kiti kile kile, akamshinda aliyemrithi. Unaweza kusoma kisa hiki kama onyo, na kweli ni onyo: saini zilizotakiwa kule ni chache, pesa za vyama ni nyingi, na kosa la wengi lilimwangukia aliyekuwa dhaifu. Lakini nacho kina upande wa pili. Jimbo halikuanguka, barabara zilitengenezwa, kura ya kodi haikuogopwa milele, na aliyeonewa alipata mahali pa kukata rufaa, kwa hakimu yule yule, miaka miwili baadaye. Hayo si matokeo ya ajabu kwa mfumo wa kibinadamu.

Upande wa pili wa mizani iko British Columbia, Kanada. Tangu 1995 sheria ya jimbo hilo inaruhusu kumwondoa mbunge kwa sababu yoyote ile, kura yake bungeni ikiwamo. Mwombaji anaandika maelezo yasiyozidi maneno 200, anasubiri miezi 18 baada ya uchaguzi, kisha anatafuta saini za asilimia 40 ya wapiga kura ndani ya siku 60. Maombi yamefunguliwa mengi. Hakuna aliyeondolewa kwa njia hiyo hadi mwisho. Paul Reitsma alijiuzulu mwaka 1998 saini zikiwa tayari zimewasilishwa, baada ya kubainika kwamba alikuwa akiyaandikia magazeti barua za kujisifu kwa jina la uongo. Hofu ya Mheshimiwa kwamba sababu huru italeta uchaguzi kila mwezi haina mfano huko. Kinachoamua kama haki hii ni fujo au ni pambo ni kiwango cha saini na muda uliowekwa. Uingereza ilichukua njia nyingine tena: sheria yake ya 2015 inahitaji saini za asilimia 10 tu, lakini hufunguliwa na kosa lililokwisha kuthibitishwa, kama kifungo au kusimamishwa na Bunge. Fiona Onasanya wa Peterborough aliondolewa hivyo mwaka 2019. Zac Goldsmith alipopendekeza wapiga kura waruhusiwe kumwondoa mbunge kwa sababu wanayoiona wao, wabunge walikataa. Hata huko kwenye mama wa mabunge, kura ya mbunge ndicho kitu walichokilinda kuliko vyote.

Basi napendekeza nini kwa Kenya? Sababu iwe wazi: kura au kutokuwapo kwa mbunge katika mswada wa fedha, wa haki za raia au wa kurekebisha Katiba. Hukumu ya mahakama isihitajike, kwa kuwa jambo linalohukumiwa si la mahakama. Saini ziwe asilimia 20 ya waliosajiliwa, zikusanywe kwa siku 60, zihakikiwe na IEBC, na gharama za kila upande ziwekewe kikomo na kutangazwa, ili pesa za mpinzani zionekane. Baada ya saini kuthibitishwa zipite siku 90 kabla ya kura, mbunge aeleze sababu zake katika kila wadi, maana hasira ya wiki moja haipaswi kutosha. Kura ikipigwa, wingi wa waliojitokeza uamue, mradi waliotaka aondoke wawe wengi kuliko kura zilizomwingiza. Kwa masharti hayo Newman wa Kenya, aliyeinua mkono kwa kodi chungu lakini ya lazima, akiwa na hoja ana miezi mitatu ya kuitetea, na nina imani na Wakenya kuliko Mheshimiwa anavyowaamini: watu hulipa kodi wanayoelezwa na kuona inakwenda wapi. Mwaka 2024 kilichokataliwa kilikuwa shilingi bilioni 346 zaidi kutoka kwa watu ambao hawakuwa wameonyeshwa zile za mwaka uliotangulia zilikokwenda. Wala hofu ya kuthubutu haikuzuia kitu: Desemba 2024 baadhi ya hatua zilizozikwa Juni zilirudi katika sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, zikapita, zikatiwa saini.

MDAI: Na atakayesema "mimi nilikuwa mmoja kati ya 349"?

Atajibiwa kwa ufupi. Mbunge huweka jina lake peke yake kwenye kila darasa. Aliweke pia kwenye kila kura. Sharti la hilo ni kura ya kutaja majina, si ile ya kupaza sauti ambapo Spika husikiliza na kuamua "waliosema ndiyo wameshinda". Tarehe 25 Juni tuna hesabu na tuna majina, na ndiyo sababu walijulikana. Miswada mingi hupita bila hata hayo. Na ni kweli kwamba kuna wajumbe 12 walioteuliwa na vyama ambao hakuna eneobunge la kuwaita nyumbani. Hao sheria yangu haiwafikii, nami sina la kusema ila kwamba 337 si haba. Kuhusu kulihukumu Bunge lote kwa pamoja, tumeshaona. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili ya jinsia, kama Ibara ya 261 inavyoelekeza. Mahakama ikasimamisha ushauri huo, Bunge likamaliza muhula wake hadi 2022 bila kutunga sheria yenyewe. Lawama ya wote haina wa kuibeba.

Sheria ya Ibara ya 104 haitaandikwa na wabunge kwa hiari, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 si mbali. Mgombea atakapokuja kwako na orodha ya barabara na basari, muulize jambo moja mbele ya watu na umrekodi: utaleta mswada wa kuturuhusu kukuondoa kwa kura utakayoipiga bungeni, ndiyo au hapana? Akianza kuzungumzia visima, umeshapata jibu lake.